Tenki la samaki wa maji chumvi: hela iende wapi kwanza?

Wadau, mteja wa bajeti ndogo akitaka tenki lake la kwanza la maji chumvi, msimkimbizie taa ya bei. Taa kali ni ya matumbawe, samaki peke yao wanatosheka na ya kawaida. Hela iende kwenye tenki la lita 100 hivi (dogo zaidi maji yanachafuka haraka), pampu ya kuzungusha maji, na kipima chumvi. Kisome 1.025.

Mimi nilipoanza niliuza tenki na samaki siku moja. Wakafa wiki ile ile, nikarudisha hela yote, na mteja sikumwona tena. Siku hizi kipimo cha amonia kipo ndani ya seti, na samaki sitoi mpaka amonia ipande kisha irudi sifuri, kama wiki 4 hadi 6. Mteja akinuna, mwonyesheni posti hii.

Umeme wetu mnaujua, ongezeni pampu ndogo ya hewa ya betri.