Mashine Ikikosa Nguvu Baharini

Tuseme boti ya faiba imetoka Kilindoni, Mafia, inakwenda Nyamisati. Kwenye tezi imefungwa Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, mashine ya silinda mbili. Inaondoka vizuri. Baada ya muda mlio unashuka, omo linalala, mwendo unakuwa wa kujikokota. Nahodha anaongeza mafuta, haisaidii.

Kabla ya kushika spana, asikilize. Mashine ikilia kwa kasi ilhali boti haiendi, ugonjwa uko chini, kwenye propela. Mlio wenyewe ukilegea, na hakuna wavu uliojisokota kwenye propela, shida iko juu: mafuta, moto wa plagi au mgandamizo. Swali hilo moja huondoa nusu ya kazi, na inasikitisha kuona mvuvi akitumia pesa ya samaki kununua plagi ambazo mashine yake haizihitaji.

Mafuta ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kifuniko cha tangi la kubebeka kina parafujo ya kupitisha hewa. Isipofunguliwa, pampu hunyonya petroli lakini hewa haiingii kushika nafasi yake, na baada ya dakika kadhaa mashine inakosa chakula. Legeza kifuniko: hewa ikifyonzwa kwa mvumo na mashine ikachangamka, jawabu limepatikana bila senti moja. Isipochangamka, msaidizi aminye ule mpira wa kupampia ulio kwenye bomba la mafuta. Nguvu ikirudi kila anapominya, petroli haifiki yenyewe. Huenda kiwambo cha pampu kimechoka, chujio limeziba, au bomba lina ufa unaovuta hewa. Ufa wa namna hiyo unaweza usidondoshe hata tone, ndiyo maana huwahangaisha mafundi wazoefu.

Halafu kuna kuchakachua. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na mafuta mengine. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli, na yakibanwa huwaka vibaya: mashine hugonga, hupata joto, pistoni ikaungua. Zipo mashine zilizoundwa kwa mafuta ya taa, lakini hizo zimepunguziwa mgandamizo. Kuhusu maji, mimina petroli kwenye chupa angavu na uiache itulie, yatakaa chini. Oili nayo isikadiriwe kwa jicho. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400.

Plagi iliyofunguliwa husema mengi. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi iliyolowa, mafuta hayaungui ipasavyo. Nyeupe yenye chembechembe, joto limezidi. Basi tazama tundu dogo linalorusha maji nyuma ya mashine. Yakidondoka badala ya kuruka, zima mara moja: mfuko wa plastiki au mchanga umeziba njia, au mpira wa pampu ya maji umelika.

Na ile inayopiga kelele bila kusukuma? Ndani ya propela kuna mpira unaoishikamanisha na kitovu chake. Ukilegea, boti hutembea vizuri polepole, lakini ukiongeza mafuta propela huteleza. Piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye mwili wa propela, zunguka kidogo na boti, kisha angalia. Mstari ukikatika, mpira umekwisha.

Mgandamizo upimwe mwisho, kwa kuwa habari yake yaweza kuwa ya gharama kubwa. Plagi zote zitolewe, waya zake ziunganishwe na chuma cha mashine, kamba ivutwe kwa nguvu ileile kwa kila silinda. Mafundi wengi huanza kuhofia tofauti ikizidi asilimia 10. Silinda yenye namba ya chini itiwe matone ya oili, ipimwe tena. Namba ikipanda, huenda ringi zimechakaa. Isipopanda, kifunguliwe kichwa, ikaguliwe gasketi na pistoni yenyewe.