Kupe Mwenye Kilema

Pwani ya Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, ni nchi ya nyavu na minazi. Ng'ombe hawakupata kuwa wengi katika pande hizi za kusini, kwa ajili ya mbung'o. Lakini mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walihamishiwa Lindi, mkoa jirani, pamoja na mifugo yao. Basi yafaa tumjue kupe, maana aendapo ng'ombe naye huenda. Wala tusimchanganye na papasi, akaaye nyufani mwa nyumba na kung'ata watu usiku.

Asiyemzoea kupe huweza kumwokota aliye mdogo, akahesabu miguu sita, akasema, "Huyu ni kilema." Sivyo. Kupe atokapo katika yai huwa na miguu sita. Ajivuapo ngozi mara ya kwanza hupata minane, akawa nayo hata kufa. Kilema ni kupe mkubwa aliyepungukiwa. Pengine mguu ulikatika utotoni, ukachipuka tena alipojivua, lakini mfupi. Wengine sehemu yao ya nyuma imegawanyika mbili. Adimu kuliko hao ni aliye nusu dume na nusu jike. Ngao ya dume hufunika mgongo wote; ya jike hufunika mbele tu, ili tumbo lipate kuvimba. Basi kupe huyo akinyonya damu, upande mmoja huvimba, wa pili hubaki, na mwili hupinda.

Sababu zake ni kuumia, au joto na ukavu uliozidi mayai yalipokuwa yakikua, au hitilafu ya mbegu tangu mwanzo. Si uchawi, wala si dalili ya maradhi mapya.

Tena aliyekosa miguu ya mbele hupata taabu kumtafuta ng'ombe, kwa kuwa huko ndiko kiliko kiungo chake cha kunusia. Wa kuogopwa ni kupe wa masikio, wa rangi ya kahawia, mwenye umbo kamili lisilo na kasoro. Huyo hunyonya vijidudu vya ndigana kali kwa ng'ombe mgonjwa, hujivua ngozi, kisha huvitia katika ng'ombe mwingine. Naye havitii mara moja, ila akiisha kung'ang'ania siku kadhaa. Kwa hiyo kumtoa mapema kuna faida, na josho lina faida zaidi.

Basi, msomaji, ukimwona kupe kilema, mstaajabie, umtie katika chupa ya spiriti. Lakini kwanza mkono wako upite masikioni mwa ndama.