Kompyuta kuukuu bado ina kazi, ila usikimbilie kufuta diski

OKTOBA ni mwezi ambao wilayani Tunduru mizani haipumziki. Korosho zinashuka, makarani wa AMCOS wanaandika majina, kilo na namba za akaunti za benki za wakulima, na maduka ya steshenari mjini yanajaa watu wa kuchapa na kudurufu. Katika mwezi huo huo, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioenea katika maofisi na maduka madogo kwa miaka kumi.

Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni masahihisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni na virusi. Waliojiandikisha mmoja mmoja waliongezewa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Kuhamia Windows 11 nako kuna masharti. Kompyuta lazima iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na Dell OptiPlex au HP Compaq nyingi za mtumba hazimo.

Hapo mwenye duka hupewa majibu mawili. La kwanza ni kununua kompyuta nyingine. La pili ni fundi kusema, "Nilete flashi nikupigie Windows," akimaanisha nakala isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ya wizi ambayo mara nyingi ndiyo inayoleta virusi. Kwa chama kinachotunza hesabu za fedha za watu, jibu hilo la pili ni la hatari.

Lipo jibu la tatu, nalo si geni Tanzania. Ni mifumo ya Linux, ambayo huandikwa na kurekebishwa na jumuiya za watu wenye ujuzi duniani kote na hugawiwa bure. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Miaka michache baadaye mpango wa Linux4Afrika wa Ujerumani ulikusanya kompyuta zilizokwisha kutumika huko, ukaziwekea Linux na kuzituma katika shule za Tanzania na Msumbiji. Zilikuwa mashine ambazo wenyewe walikwisha kuziona takataka.

Jinsi mifumo hii inavyozaana inafaa kueleweka, maana majina ni mengi na huchanganya. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ikachukua Debian mwaka 2004 na kuirahisisha. Linux Mint ikachukua Ubuntu mwaka 2006 na kuifanya ifanane zaidi na Windows waliyoizoea watu. Wengine wakaichukua Debian hiyo hiyo na kuipunguza uzito kwa ajili ya mashine dhaifu, wakaiita antiX. Ni kama mbegu moja iliyochaguliwa na wakulima tofauti, kila mmoja kwa udongo wake. Leseni inaruhusu kunakili, hivyo flashi moja inaweza kuzunguka maduka yote ya mtaa bila mtu kuvunja sheria. Hilo si dogo, kwa kuwa kupakua Linux Mint hula karibu GB 3 za bando.

Kwanza daftari, halafu mfumo

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea kabla hata ya kazi kuanza. Kusimika mfumo mpya kwa kawaida hufuta diski yote. Fundi akibonyeza pale penye maneno ya kufuta diski, orodha ya wakulima ya misimu mitano iliyokuwa ndani inaondoka, na kuirudisha ni kazi ya wataalamu wachache, ghali, isiyo na uhakika. Mkulima ambaye kilo zake zimepotea hatajali kama kompyuta sasa inawaka haraka.

Kwa hiyo mafaili yote yanakiliwa nje mara mbili, kwenye flashi au diski mbili tofauti, na nakala zinafunguliwa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Folda ya Documents peke yake haitoshi. Makarani wengi huweka mambo yao juu ya Desktop, na programu za hesabu huficha data zake mahali pengine kabisa.

Jambo la pili la kuuliza mapema ni programu zenyewe. LibreOffice, inayokuja na mifumo hii, hufungua mafaili ya Word na Excel na ina hata kikagua tahajia cha Kiswahili. Lakini QuickBooks ya kusimikwa na Tally zimetengenezwa kwa Windows. Chama au duka linalotegemea programu hizo lisihame kwa sababu tu jirani amehama. Vivyo hivyo faili la Excel lenye amri za kujiendesha zilizoandikwa na mhasibu. Huenda likafunguka, lakini amri zile zikagoma.

Kuijua mashine

Kasha ambalo wengi huliita CPU lina karatasi nyuma au pembeni inayotaja aina yake. Kinachotafutwa ni mambo mawili, yaani prosesa na kumbukumbu ya RAM. Mashine zenye Core 2 Duo au mpya kuliko hizo ni za biti 64. Pentium M na Atom za mwanzo, kama N270 iliyokuwa kwenye kompyuta ndogo za mwaka 2008 na 2009, ni za biti 32. Pentium 4 zipo za aina zote mbili.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mustakabali wa mashine. Yenye biti 64 na RAM ya GB 4 inabeba Linux Mint ya Xfce bila malalamiko, na toleo la 22 lililotoka mwaka 2024 limeahidiwa masahihisho hadi mwaka 2029. Yenye GB 2 itajikongoja, na mwenyewe atafanya vyema kuongeza RAM, akiangalia kwamba DDR2 haiingii mahali pa DDR3.

Kwa mashine za biti 32 ukweli usifichwe, mlango unafungwa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji cha mashine hizo. Mozilla nayo ilitangaza kwamba Firefox 144 ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, ukiacha toleo lake la muda mrefu linaloongezewa siku. Debian 12 na antiX 23 zinaweza kuipa mashine ya namna hiyo kazi ya kuandika barua, kutunza orodha na kuchapa. Kuifanya ya kuingia benki ni kujitafutia balaa.

Kujaribu bila kusimika

Uzuri mkubwa wa mifumo hii, ambao mafundi wengi huupuuza, ni kwamba inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Faili lililopakuliwa huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus, maana kulinakili tu kama wimbo hakusaidii. Kisha kompyuta inawashwa huku kitufe cha kuchagua chanzo kikibonyezwa. Kwa Dell nyingi ni F12 na kwa HP nyingi ni F9. Mashine za kale sana hazikubali kuanzia kwenye flashi, hizo zinahitaji DVD.

Mfumo ukiwaka, mwenye mashine ajaribu kila kitu anachokitumia dukani, kuanzia kibodi, sauti, intaneti na skana hadi printa. Hasa printa. HP LaserJet nyingi hukubali haraka, ingawa LaserJet 1018 na 1020 huhitaji kupakua kipande cha ziada kwanza. Canon LBP2900, inayopendwa na wenye steshenari kwa kuwa tona yake ni rahisi kupatikana, ni mkorofi kwenye Linux, na imewatoa jasho mafundi wazuri. Duka linaloishi kwa printa hiyo libaki na mashine moja ya Windows kwa ajili yake, isiyounganishwa na intaneti.

Jaribio hilo la saa moja linamwepusha mtu na safari. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, na kompyuta iliyopakiwa kwenye basi kwenda kwa fundi huko inaweza kurudi msimu umekwisha.

Inapogoma

Skrini ikibaki nyeusi baada ya maandishi machache, mara nyingi ugomvi uko kati ya mfumo na kadi ya picha. Kwenye orodha ya mwanzo, herufi e inafungua mstari wa amri. Neno nomodeset linaongezwa mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Mashine nyingi huamka hapo.

Intaneti ikikataa kila tovuti kwa madai kwamba si salama, kabla ya kulaumu mtandao iangaliwe tarehe. Kompyuta iliyokaa miaka huwa imemaliza betri yake ndogo ya duara, CR2032, na kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma. Kivinjari kinaona vyeti vya tovuti ni vya wakati ambao haujafika, kinavikataa. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika chache. Karani naye ana sababu yake ya kuijali, kwani faili la malipo ya Novemba likiandikwa tarehe ya mwaka 2007, siku ya ukaguzi atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Wi-Fi isiyoonekana kwenye laptopu za zamani mara nyingi ni kadi ya Broadcom inayohitaji programu yake. Njia ya mkato ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, kisha kupakua kinachotakiwa.

Kujizima ghafla, kuganda na kulia mlio mfululizo wakati wa kuwaka si matatizo ya mfumo endeshi, na kupiga mfumo mpya juu yake ni kupoteza muda. Kasha lifunguliwe umeme ukiwa umechomolewa, vumbi la kiangazi lipulizwe kwenye feni, RAM itolewe, meno yake yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli na irudishwe hadi ishike. Kapasita zilizovimba vichwa kwenye mazabodi ni dalili mbaya. Hapo fundi anayejua kuchomelea aitwe, au mashine iachwe iwe ya vipuri. Diski inayogonga ta-ta-ta nayo isipewe mfumo mpya, bali ibadilishwe. Kwa mashine zenye waya wa SATA, diski ya SSD ndogo huleta badiliko ambalo hata mteja aliyesimama kaunta ataliona. Zenye waya mpana wa IDE haziipokei moja kwa moja.

Baada ya kuhama, wenye steshenari watakutana na kero moja ndogo ya kila siku. Barua ya maombi ya kazi iliyopangwa vizuri kwenye Word hufunguka ikiwa imesogea mistari, kwa sababu herufi za Calibri na Times New Roman hazimo. Mifumo hii ina mbadala wenye vipimo sawa, Carlito na Liberation, lakini mteja anayetuma kazi kwa flashi aombwe alete PDF pia.

Wakati wa kufanya yote haya si Oktoba. Baada ya malipo ya korosho kukamilika na kabla ya ufuta kuanza kuingia ghalani katikati ya mwaka, ofisi nyingi za AMCOS hupata nafasi. Mashine mbili zikiwepo, ianze moja, ile nyingine ibaki ilivyo kwa mwezi mzima karani akijifunza. Flashi ya kusimikia isifutwe ili kuwekwa nyimbo. Iandikwe jina kwa kalamu ya wino mzito, ifungiwe kabatini pamoja na zile nakala mbili za orodha ya wakulima.