Michezo ya vyuo Marekani: Maabara hufungua mlango, televisheni hupanga bei

KAMPUNI inayotaka kuuza hisa zake sokoni hutakiwa kwanza kutimiza masharti ya kusajiliwa. Bei huja baadaye. Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako haki za matangazo ya televisheni huuzwa kwa mabilioni ya dola, mambo hayako mbali na hapo. Tofauti ni kwamba cheti kinachoangaliwa mlangoni hakihusu mpira. Kinahusu utafiti.

Mfano mzuri ni ligi ya Big Ten, iliyoanzishwa mwaka 1896. Ingawa jina lake lina maana ya Kumi Wakubwa, tangu mwaka 2024 ina vyuo 18. Kati ya hivyo, 17 ni wanachama wa Umoja wa Vyuo Vikuu vya Marekani, AAU, ulioundwa na vyuo 14 mwaka 1900. Umoja huo hauna timu wala uwanja. Hupima fedha za utafiti ambazo chuo hupata kwa ushindani pamoja na sifa za wanataaluma wake, na hakuna anayeingia bila kualikwa. Mwaka 2023 ulifikisha wanachama 71, wakiwamo wawili wa Canada.

Kwa nini ligi ya michezo ijali cheti hicho? Sababu ni kwamba mwanachama mpya hupokelewa kwa kura za marais wa vyuo, si za makocha. Kwa rais wa chuo, michezo ni idara moja tu, na utafiti ndio mradi mkubwa. Vyuo vya Michigan, Wisconsin na Washington hutumia katika utafiti zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kila kimoja, kiasi ambacho hakuna idara ya michezo ya chuo inayokikaribia. Aidha, vyuo vya ligi hiyo vina ushirikiano wa kitaaluma tangu mwaka 1958. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichojitoa katika michezo ya Big Ten mwaka 1946, kilishiriki katika ushirikiano huo kwa miongo kadhaa.

Yaliyoikuta Nebraska

Sharti la uanachama wa AAU halimo katika kanuni, lakini uzito wake ulionekana kwa Chuo Kikuu cha Nebraska. Kilikubaliwa kuingia Big Ten Juni 2010, kikiwa mwanachama wa AAU tangu mwaka 1909. Aprili 2011, kabla hata hakijacheza mechi ya kwanza katika ligi mpya, AAU ilipiga kura na kukiondoa.

Vipimo vilivyotumika havikuhesabu chuo cha tiba kilichoko Omaha, kwa kuwa kina uongozi wake. Utafiti wa kilimo nao ulipewa uzito mdogo, na Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe. Harvey Perlman, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho, alikiri kwamba alikuwa na shaka kama ombi lao lingekubaliwa bila uanachama huo. Big Ten haikukitimua. Hata hivyo, wote walioingia baada yake, yaani Maryland na Rutgers mwaka 2014, kisha USC, UCLA, Oregon na Washington mwaka 2024, ni wanachama wa AAU.

Cheti peke yake hakitoshi

Pamoja na hayo, ni kosa kudhani kwamba maabara ndiyo hupanga bei. Maryland iko jirani na miji ya Washington na Baltimore, na Rutgers jirani na New York, kwenye kaya nyingi za kulipia chaneli ambayo Big Ten ilianzisha mwaka 2007. Mkataba wa mwaka 2022 na Fox, CBS na NBC uliripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba.

Oregon na Washington, pamoja na cheti chao, zilikubali mgawo mdogo kuliko wenyeji. Stanford na California-Berkeley, waasisi wa AAU, hazikualikwa na Big Ten. Ziliingia ligi ya ACC mwaka 2024 kwa mgawo uliopunguzwa. Ligi ya SEC nayo ilichukua Oklahoma mwaka huo huo, ingawa si mwanachama wa AAU.

Walioumia zaidi ni Washington State na Oregon State. Hazimo AAU, wala hazina mji mkubwa wa watazamaji nyuma yake. Wenzao kumi walipoondoka mwaka 2024, zilibaki mbili tu katika ligi ya Pac-12.

Kwa mfanyabiashara, hesabu iko wazi. Mwenye cheti bila watazamaji hupokelewa kwa bei ya chini. Mwenye watazamaji bila cheti huenda akapata mlango mwingine. Asiye na kimojawapo hubaki nje soko linapohama, na jina la utafiti halijengwi kwa msimu mmoja.