Baada ya Amina, Sufuria: Supu ya Kumsimamisha Mgonjwa

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, Marko 5:35-43, 2 Wafalme 4:38-41

Karatasi hii imezoea kuwaletea mahubiri yaliyopita kwenye radio yetu. Leo tunaongea juu ya sufuria. Msishangae. Tutaanzia katika Biblia, tutamalizia kwenye mbabula, na mtaona kwamba njia ni moja.

Siku moja tulikwenda, watu 7 wa kundi la maombezi, kumtembelea dada mmoja aliyekuwa amelala siku 9 kwa maleria. Dawa alikuwa amemaliza, homa ilikuwa imeshuka, lakini kusimama hakuweza. Tuliimba, tukaomba, tukakemea roho ya udhaifu saa 2 nzima. Tulipokuwa tunavaa viatu ili tutoke, koko wa nyumba ya jirani akaingia na bakuli iliyofunikwa kwa sahani. Akatusalimia, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza: "Wanangu, mmeomba vizuri. Lakini huyu amekula nini tangu jana?"

Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza. Koko akamwinua dada yetu, akamwegemeza kwenye ukuta, akamlisha supu ya maharagi na karoti, kijiko kwa kijiko. Aliendelea hivyo kila siku. Tuliporudi siku ya 4, tulimkuta dada ameketi mlangoni anachambua mboga. Kwamba Mungu alijibu maombi yetu, sina shaka. Lakini jibu lilikuja ndani ya bakuli, na sisi tulikuwa tumekwenda mikono mitupu.

Mungu anajua njaa yetu

Someni habari za Elia. Mtu wa Mungu amekimbia Yezebeli, amechoka, amelala chini ya mti jangwani na anaomba afe. Malaika anamgusa na kumwambia ale. Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Elia anakula, analala tena, na malaika anamrudilia mara ya pili kwa chakula kile kile. Ndipo anapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu. Maneno mazito ya Mungu juu ya kazi yake aliyasikia kule mlimani, tumbo lake likiwa limekwisha kushughulikiwa.

Tena angalieni nyumba ya Yairo. Bwana Yesu amemfufua binti wa miaka 12. Watu wanashangaa sana, na katika mshangao huo Yeye anaagiza mtoto apewe chakula. Kufufua ilikuwa kazi yake. Kupika aliwaachia wao. Wapendwa, tunamwomba Bwana afanye ile ya kwanza, na mara nyingi tunasahau ile ya pili, ambayo ni yetu.

Kwa nini supu?

Mgonjwa hana hamu ya kula. Kinywa kimekauka, bugali linamshinda kumeza. Supu inamletea maji, chumvi kidogo na chakula kwa mara moja, na tumbo lililochoka linaipokea bila vita. Hata aliyefiwa, ambaye koo limefungwa kwa huzuni, anaweza kunywa vijiko vichache. Mama aliyezaa naye inamsaidia kurudisha nguvu.

Lakini tusikie vizuri: maji ya mifupa peke yake yana harufu nzuri na chakula kidogo. Wengi tunampa mgonjwa yale maji, na nyama tunakula sisi. Supu ya kumsimamisha mtu inahitaji kitu ndani: maharagi, viazi, samaki, nyama iliyolainika. Kama hawezi kutafuna, ponda kila kitu kwa mwiko, chuja, umpe nzito kama uji.

1. Supu ya maharagi ya koko

Chukua nusu kilo ya maharagi. Chambua, osha, loweka usiku mzima. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya. Kuloweka kunapunguza makala, na makala leo tunajua bei yake.

Sufuria ikianza kuchemka, iache ichemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharagi mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo inakufa tu kwa mchemko wa kweli. Anayekula maharagi ambayo hayakuiva anaweza kutapika na kuharisha, na watu wakafikiri amerogwa.

Yakiwa laini, ndipo utie kitunguu, karoti 2, viazi vya kizungu 3 na tomati 2. Usitie tomati mwanzoni: uchachu wake unayafanya maharagi yakatae kuiva. Chumvi inakuja mwisho, pamoja na poaro na seleri iliyokatwa ndogo ndogo. Ponda robo ya maharagi pembeni ya sufuria, koroga, na supu itakuwa nzito bila kuongeza unga.

Kama makala ni machache, fanya hivi: maharagi yaliyolowekwa yakishachemka nusu saa, funika sufuria vizuri, iweke katika kapu lenye nguo nzee au blanketi, uizungushie kila upande na juu, uiache masaa 3. Moto uliobaki ndani unaendelea kupika. Kisha irudishe kwenye mbabula, ichemke tena mpaka maharagi yaive kabisa, ndipo umalizie na mboga.

2. Supu ya mifupa

Kilo 1 ya mifupa yenye nyama kidogo, lita 3 za maji baridi. Anza na maji baridi ili utamu utoke polepole. Povu likipanda, liondoe kwa kijiko. Halafu punguza makala: supu itembee taratibu, isipige kelele, masaa 2 mpaka 3. Ukiharakisha moto, maji yanakauka na nyama inabaki ngumu. Nusu saa kabla ya mwisho, tia kitunguu, karoti na viazi. Toa nyama kwenye mfupa, uikate ndogo, uirudishe ndani. Onja ndipo utie chumvi, maana supu iliyotiwa chumvi mapema inakuwa kali kadiri maji yanavyopungua.

Na vile vidonge tunavyoviita Maggi, hata viwe vya kampuni gani? Sehemu kubwa yake ni chumvi. Ukitia kimoja, punguza chumvi ya kawaida. Ukitia vinne kwa mtu mwenye presha, unamharibia. Kitunguu kilichokaangwa pole pole, seleri na muda wa kutosha vinatosha kuleta utamu.

3. Supu ya sambaza au ndakala

Hii ni ya haraka, na ni ya yule ambaye pesa ya nyama hana. Sambaza wa ziwa Kivu waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mama wa Goma na mama wa Uvira wanapika samaki wa jamaa moja.

Chukua vikombe 2 vya samaki waliokauka. Waoshe mara 3 katika maji ya uvuguvugu ili mchanga uishe. Kaanga kitunguu katika kijiko kimoja cha mawese. Usiache mawese yachemke mpaka yawe meupe: ule wekundu ndio wenye vitamini A, yenye faida kwa macho. Tia tomati, samaki na lita moja na nusu ya maji. Baada ya dakika 15, tia lengalenga zilizokatwa, dakika 5 tu. Epua, kamulia ndimu.

Ndimu si mapambo. Inasaidia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya mboga na maharagi, na chuma ndicho kinachohitajika kutengeneza damu. Maleria inakula damu. Tunaona watu wanamnunulia mgonjwa kinywaji chekundu wakisema kinaongeza damu. Rangi haiongezi damu, wapendwa. Pesa ile ya chupa ingenunua lengalenga, ndimu na kikombe cha sambaza. Na samaki hawa wadogo wanaliwa na mifupa yao, ambayo inajenga mifupa yetu.

Kufungua mfungo

Tunapenda kufunga, na ni vizuri. Lakini baada ya siku 3 kavu, wengine wanakimbilia bugali na nyama ya mafuta, halafu usiku tumbo linakamata. Fungua na maji kidogo kidogo, kisha supu nyepesi iliyochujwa, kisha uji, kama ule wa masoso wa mahindi, soya na mtama. Chakula kizito kingoje kesho. Na mgonjwa anayekunywa dawa, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mtu wa sukari: tusiwalazimishe kufunga. Mungu anausikia moyo wao hata wakiwa na kijiko mkononi.

Tusilete mauti katika sufuria

Wakati wa Elisha kulikuwa njaa. Mmoja akachuma matango ya mwituni asiyoyajua, akayakatakata ndani ya chungu, na walipoonja wakalia kwamba kuna mauti chunguni. Alikuwa na nia nzuri, lakini hakujua anachotia. Basi na sisi tuangalie:

Supu isilale usiku nje halafu ipewe mgonjwa. Pika ya kuliwa siku ile. Ikibaki kwa masaa machache, ichemshe kabisa tena. Kuipasha tu haitoshi.

Mtoto ambaye hajafika miezi 6 hapewi supu. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Mtu anayeharisha sana anahitaji kwanza maji ya SRO. Kama hakuna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Katika sehemu zetu tunajua kolera haingoji.

Mwenye ugonjwa wa figo, presha au sukari, ulizeni muuguzi juu ya chumvi na vyakula vyake.

Jambo la kufanya juma hili

Kundi la maombezi likipanga kwenda kumwona mgonjwa, ligawane kazi kabla ya kutoka. Mmoja alete kikombe cha maharagi, mwingine karoti na kitunguu, mwingine makala, na mbaba mwenye nguvu achote maji. Wawili waingie jikoni wakati wengine wanaimba. Maombi yakiisha, sufuria nayo iwe imeiva. Na kabla ya amina ya mwisho, mmoja aulize swali lile la koko: amekula nini tangu jana?

Dada yule leo yuko katika kwaya. Jumamosi iliyopita nilimkuta sokoni ananunua karoti. Nikamwuliza nyumbani kuna wageni? Akajibu: "Hapana, mama mchungaji. Koko amelala na homa. Leo ni zamu yangu."

Mungu awabariki, na abariki kazi ya mikono yenu jikoni.