Akordeoni yetu imetoka wapi?



Siku hizi maneno ni mengi juu ya ile akordeoni ya kwaya. Sauti tano hazilii tena, na wengine wanasema iuzwe tununue gitari ya umeme, eti akordeoni ni kitu ya wazee. Kwaya itakata shauri siku ya ine. Sisi wakubwa wa wanafunzi tutapiga kura pia, kwa hiyo tulitaka kujua kwanza tunauza nini. Rangi yake imetoka, lakini jina moja linasomeka bado: Castelfidardo.

Castelfidardo ni mji mdogo wa Italia, juu ya kilima, karibu na bahari ya Adriatiki. Akordeoni haikuzaliwa pale. Cyrill Demian aliiandikisha Vienna, Austria, mwaka 1829. Inasimuliwa kwamba mwaka 1863 Mwaustria mmoja alikuwa anatoka kuhiji Loreto, mahali patakatifu pa Wakatoliki, akalala kwa mkulima Antonio Soprani, akaacha pale akordeoni yake. Kijana wa nyumba, Paolo, akaifungua kuona ndani kuna nini. Pengine wameongeza chumvi, hatubishani. Lililo hakika ni kwamba Paolo, aliyezaliwa 1844, alianza kutengeneza akordeoni zake pale pale nyumbani, na ndugu zake Settimio na Pasquale wakaingia kazini. Wahujaji wa Loreto walizinunua. Mwaka 1872 alifungua kiwanda mjini, na wengine wakafungua vyao.

Sasa, ndani kuna nini? Viriba ni karatasi ngumu iliyokunjwa-kunjwa, yenye kitambaa na ngozi kwenye kona. Vinasukuma hewa kama mivukuto ya mhunzi. Hewa inapita kwenye ndimi nyembamba za chuma: ulimi mfupi unatoa sauti nyembamba, mrefu unatoa sauti nzito. Kila sauti ina ndimi mbili, mmoja unalia ukivuta, mwingine ukisukuma. Ndimi zinashikwa na nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo. Fundi akitaka kupandisha sauti anakwaruza ncha ya ulimi kidogo sana; akitaka kuishusha anakwaruza upande wa shina. Akizidisha, ulimi umeharibika.

Na gitari je? Miaka ya 1950 ilipokuwa inaisha, vijana wa Ulaya na Marekani walianza kutaka gitari, kama nyinyi tu. Oliviero Pigini wa Castelfidardo alianzisha Eko mwaka 1959. Gitari zake za umeme za mwanzo zilifunikwa na plastiki ileile yenye kung'aa ya akordeoni. Hata vifungo vya kubonyeza vilifanana! Basi anayesema gitari ni ya leo na akordeoni ni ya jana, ajue mafundi walikuwa walewale. Hata kwetu Kongo, mbele ya uhuru wa 1960, Camille Feruzi alivuma Leopoldville kwa akordeoni, na wapiga gitari walikuwa pamoja naye.

Siku ya posho iliyopita, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, tulifungua ya kwetu. Ndimi za sauti tatu zimeng'oka kwa sababu nta iliyeyuka. Depo ni ya mabati, na joto la Ruzizi mnalijua wenyewe. Za sauti mbili zimeshika kutu. Viriba vina tundu moja kwenye kona, basi. Hakuna kilichovunjika. Hatukukwaruza kitu, tuliogopa.

Wanaotaka gitari hatuwakatazi, hata sisi tunaipenda. Lakini akordeoni iliyonyamaza itauzwa bei ya bure, na pesa hiyo haitatosha hata nusu ya gitari. Fundi viatu ana ngozi laini, na mwenzetu mmoja wa darasa la nne baba yake anafuga nyuki. Akordeoni iko mezani katika chumba cha kwaya, imefunguliwa bado. Njooni muione mbele ya siku ya ine, ila msiguse ndimi.