Bukavu: Kado ya mwalimu, itolewe lini na iwe nini?

Kwa kalenda ya kawaida, mwaka wa masomo nchini Kongo hufungwa tarehe 2 mwezi wa saba. Siku hiyo mjini Bukavu, kutoka Nguba mpaka Panzi, barabara hujaa watoto wenye shati nyeupe na sketi ao kaptula ya buluu, kila mmoja na karatasi yake ya matokeo mkononi. Nyuma ya baadhi yao anakuja mama, shangazi ao dada mkubwa mwenye kitunga kilichofunikwa. Kitunga hicho hakiendi nyumbani. Kinaenda kwa Madamu ao kwa Metre.

Kila mwaka swali linarudi katika nyumba nyingi: mwalimu apewe kado gani? Linaonekana swali dogo. Lakini Bukavu si mahali ambapo mfuko wa mzazi na mkono wa mwalimu vimeachana zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa walimu na migomo ikafunga mashule, wazazi ndio walibeba mzigo. Walianza kutoa pesa ambayo jina lake kila mkaaji wa Kivu analijua: prime. Kilichoanza kama msaada wa muda kilidumu zaidi ya miaka 25. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alitolewa darasani, na vijana wengi wa Bukavu wanakumbuka mpaka leo asubuhi zile za kusomewa majina na kurudishwa nyumbani. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Watu walingoja mpaka mwezi wa tisa 2019 ndipo Rais Félix Tshisekedi akaanza kuitekeleza ahadi hiyo nchini kote.

Prime ikaondolewa katika shule za msingi za serikali. Sekondari na shule za watu binafsi ziliendelea kulipisha. Madarasa yalijaa. Na walimu? Wapo ambao watu huwaita kwa herufi mbili tu, NU, yaani wapya wasioingizwa bado kwenye orodha ya mishahara, wanaofundisha bila serikali kuwalipa hata franka moja. Mwezi wa tisa 2024 walimu wa shule nyingi za Bukavu waligoma wakidai mshahara bora. Miezi michache baadaye, mwezi wa pili 2025, wapiganaji wa M23 wakaingia mjini, mabenki yakafungwa, na pesa taslimu ikawa ngumu kupatikana hata kwa mwalimu mwenye mshahara.

Kwa hiyo kado hapa haiwezi kuwa adabu peke yake. Mwalimu ambaye hajalipwa akipokea jogoo wiki moja mbele ya mtihani, nani atasema jogoo huyo hakuwika wakati wa kusahihisha? Hata mwalimu mwenyewe hawezi kuapa.

Wakaaji wa Bukavu wana maneno ya kutofautisha mambo haya. Kado inatoka kwa upendo. Matabishi ni kitu kidogo kinachomfuata mtu aliyekufanyia kazi, kama kijana aliyekubebea mzigo kutoka soko la Kadutu. Rushwa inatangulia kazi, na inangoja jibu. Kikwembe kimoja, cha rangi moja na bei moja, kinaweza kuwa vyote vitatu. Kinachobadilika ni siku kilipotolewa, na nani aliona.

Tatizo la siku linaanza na tarehe 30 mwezi wa nne, siku ya walimu nchini Kongo. Darasa likichanga pesa, likaimba na kununua vinywaji, ni furaha kwa wote. Lakini kwa kado kubwa ya mzazi mmoja, tarehe hiyo iko mahali pabaya kwenye kalenda, maana mitihani ya mwisho wa mwaka bado haijafanywa. Wimbo na maua vinatosha. Kitu chenye bei kingoje matokeo yasomwe. Pointi zikishaandikwa na karatasi zikishagawiwa, hakuna tena cha kununua.

Isipokuwa pale ambapo mwalimu yuleyule atabaki na mtoto mwaka unaofuata, ao mdogo wake anaingia darasa lile mwezi wa tisa. Hapo hata mwezi wa saba ni mbele ya mtihani. Mzazi mwenye hali hiyo afadhali apitishe shukrani yake katika mchango wa darasa zima.

Na mtoto aliyeanguka? Wazazi wengi hupita mbali na mwalimu siku hiyo, wengine kwa hasira. Lakini kado inayotoka kwa mzazi wa mtoto aliyeanguka, hata kama ni nanasi moja tu, ndiyo ambayo hakuna mtu anaweza kuishuku. Mwalimu aliyekaa na mtoto huyo saa za ziada, akamwambia mzazi ukweli mapema, amefanya kazi nzito kuliko ile ya kumfundisha mtoto aliyekuja akijua kusoma.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Korea ya Kusini ina sheria ya kupinga rushwa iliyoanza kazi tarehe 28 mwezi wa tisa 2016, nayo ilienda mbali sana: mwanafunzi mmoja mmoja hana ruhusa kumpa mwalimu wake hata ua siku ya walimu. Mwakilishi wa wanafunzi ndiye anayeweza kulitoa, tena mbele ya watu. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu wa shule ya serikali hapokei kado ya dola 50 na zaidi kutoka kwa mzazi mmoja. Darasa zima linaweza kumpa kitu cha mpaka dola 150, kwa sharti asijue nani alitoa na nani alitoa ngapi.

Bukavu haina haja ya kuiga Korea. Ua halijawahi kumharibu mwalimu wa Kadutu. Lakini sharti lile la Massachusetts linafaa kufikiriwa, na kulipanga hapa si kazi kubwa kwa akina mama ambao kila wiki wanaendesha likelemba bila karani wala benki.

Inaweza kwenda hivi. Mzazi mmoja anayeaminika anapokea pesa, kwa mkono ao kwa simu. Kiasi kinawekwa chini kabisa, tuseme franka 1,000, na hakuna anayeruhusiwa kuzidisha. Katika darasa la watoto 50, wazazi 35 wakitoa, ni franka 35,000. Wale 15 ambao hawakuweza hawatajwi popote. Kisha karatasi ya salamu inaandikwa majina ya watoto wote 50, si 35. Jambo hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Orodha ya waliotoa ikisomwa mbele ya watoto, ni asubuhi za prime zimerudi, mara hii zikiletwa na wazazi wenyewe.

Kuna pia mchango unaotoka juu: shule inatuma karatasi nyumbani yenye kiasi na tarehe ya mwisho, na neno «kado» limeandikwa juu yake. Hiyo si kado. Komite ya wazazi ina haki ya kusema hivyo kwa sauti, na kuuliza pesa inaenda wapi.

Iwe nini, basi? Anayetaka kuchagua vizuri aangalie kwanza mwalimu anaishi namna gani. Umeme wa Bukavu unakatika mara kwa mara, ingawa mitambo ya Ruzizi iko mlangoni mwa mji, na madaftari ya watoto 50 husahihishwa usiku. Taa ndogo inayochajiwa kwa jua itafanya kazi mwaka mzima. Mwezi wa saba ni kiangazi na hakuna anayefikiria mvua, lakini mwezi wa tisa inarudi, na njia za miteremko ya Kadutu zinageuka utelezi. Mwalimu anayepanda kwa miguu kila asubuhi atamkumbuka aliyempa mwamvuli mzuri, si ule unaopinduka kwa upepo wa kwanza wa ziwa.

Chaki na boksi za biki nyekundu ziachwe. Anayempa mwalimu chaki anampa kazi. Vitu hivyo ni deni la shule. Vikombe vilivyoandikwa «mwalimu bora» navyo vimejaa katika makabati: kimoja ni furaha, cha saba ni mzigo.

Kikwembe ni kado ya heshima ambayo imezoeleka, hasa kwa Madamu. Lakini kikwembe kinakuja na deni lake: fundi. Mwalimu asiye na pesa ya kushonesha atakikunja na kukiweka, ao atakiuza. Darasa likikusanya pesa ya kikwembe, lihesabu pia ya kushona, ama linunue kitu kidogo zaidi. Na rangi isichaguliwe na mzazi mwenye sauti kubwa. Mtoto anajua Madamu anapenda kuvaa nini. Amemwangalia miezi kumi.

Chakula hakina aibu yoyote. Sukari, mafuta, maharage, unga wa muhogo, sambaza zilizokaushwa vizuri, mananasi ya Idjwi, vyote vinaingia katika nyumba ya mwalimu na vinaliwa na watoto wake. Kuku hai bado ni heshima kubwa, lakini mtu afikirie: mwalimu atapanda pikipiki na jogoo huyo mpaka Panzi, akishika pia madaftari na watoto wake wawili? Kuku apelekwe nyumbani kwa mwalimu, mangaribi, na mtoto mwenyewe awe kwenye msafara.

Kwa vinywaji, uangalifu unahitajika. Kreti ya bia kwa mwalimu Mprotestanti asiyekunywa ni kado inayomtia haya mbele ya majirani, na kasiksi haimfai mwalimu Mwislamu. Hata kahawa nzuri ya Kalehe ao ya Idjwi, ambayo wageni wanaitafuta, haitanywewa na Muadventista anayefuata mafundisho ya kanisa lake. Kuuliza si vibaya. Watoto, tena, ndio wanaojua.

Kuhusu pesa taslimu, wazazi wanagawanyika. Wengine wanaona bahasha ni matusi, wengine wanaona kikwembe kwa mwalimu anayedaiwa kodi ya nyumba ndiyo matusi. Katika mji ambako mwalimu anaweza kumaliza miezi bila kuona mshahara, ni vigumu kuwalaumu hawa wa pili. Ila bahasha ya mzazi mmoja, mkononi mwa mwalimu mmoja, mlangoni mwa darasa, inafanana na kitu kingine hata ikiwa moyo ni safi. Pesa itoke kwa darasa, itolewe wazi na baada ya matokeo, na hapo haina ubaya.

Kuna kado moja isiyo na bei ambayo walimu huitunza kuliko vikwembe: barua ya mtoto. Si ile ya «asante Madamu kwa kila kitu», ambayo watoto 20 wananakili ubaoni. Ni ile inayosema kitu kimoja kilichotokea: siku nilipokosea kugawanya mara tatu ukanirudishia ubao bila kucheka, siku nilipolala darasani kwa sababu usiku risasi zililia, ukaniacha nilale. Kifaransa chake kiwe na makosa, si neno. Kiwe Kiswahili ao Mashi, vilevile. Mzazi asisahihishe. Akitaka kuongeza mistari yake miwili chini, aongeze, na akiwa hajui kuandika, mtoto aandike anavyoambiwa.

Barua inasaidia pia pale ambapo kado haiwezi kuenea. Katika sekondari mtoto ana walimu wanane, kumi ao zaidi, na mzazi ambaye amelipa masomo mwaka mzima hana nguvu ya kununua vitu kumi. Wengi humpa mwalimu mwenye darasa na kumsahau yule wa jografia anayekuja saa mbili kwa juma. Karatasi kumi zinatoka katika daftari moja. Moja ipite pia kwa sentineli wa mlangoni, ambaye amewafungulia watoto asubuhi zote za mwaka, hata zile ambazo wazazi walikuwa wanajiuliza kama wawatoe nyumbani.

Na kwa mtoto anayemaliza mwaka wa sita na kufanya mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, kuna mlango mmoja wa zaidi wa kupiga hodi: darasa la kwanza, kwa yule aliyemshika mkono akamfundisha herufi. Huyo hana pointi za kutoa tena. Mara nyingi hangoji kitu, na pengine jina la mtoto limemtoka, maana amepata madarasa mengine matano tangu wakati ule. Mtoto aingie peke yake na nanasi lake na karatasi yake ya matokeo, ajitaje jina, mama akingoja nje penye geti.